Mstari wa Kisima cha Nne

Jiwe la kwanza liligonga dirisha la chumba cha amri saa nane na robo mchana. Kioo hakikuvunjika, kwa kuwa kilitengenezwa kuzuia risasi, lakini Leokadia Sikazwe aliruka kitini mpaka chai ikamwagikia mapajani. Akajifuta kwa kiganja, akasogeza kibodi karibu na tumbo lake, akatazama nje.

Watu wa Mpona walikuwa wanakuja. Bonde la Rukwa lilikuwa limepigwa na jua tangu asubuhi, ardhi nyeupe kwa magadi, na juu ya weupe ule walionekana wote, mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, labda mia tatu. Walibeba nondo, mapanga, mashoka na kamba za kufungia ng'ombe. Sita wa mbele walibeba bomba la chuma la gesi, refu kama nguzo ya umeme, mabegani.

Kati yao na uzio walisimama fisi.

Kampuni ilikuwa na jina lake refu kwa zile mashine za ulinzi. Watu wa bondeni walipoziona siku ya kwanza, migongo imeteremka nyuma, vichwa chini, wakaziita fisi, na jina likashika hata kwenye makaratasi ya ofisi. Walikuwa arobaini. Kila mmoja alikuwa na uzito wa ng'ombe dume, na hakuna aliyejua kufanya lolote bila kuambiwa kutoka kwenye skrini nyeusi iliyokuwa mbele ya Leokadia.

Alibonyeza kontroli na S, akaandika herufi nne tu: *kask*. Skrini ikamletea kila amri ya zamani iliyokuwa na herufi hizo, za karibuni juu, za kale chini. Akachagua ya tatu, akabadilisha namba moja, akapiga enta. Fisi kumi na wawili wakageuka kwa pamoja, wakajipanga upande wa kaskazini wa uzio.

Miaka sita kwenye kiti kile ilimfundisha kwamba amri ya fisi haiandikwi, inatafutwa. Amri moja ilikuwa mstari mrefu wa majina, vipimo na alama. Ukikosea herufi, mashine inatumbukia mtaroni au inasimama kama gogo. Lakini mtambo ulihifadhi kila kitu kilichowahi kuandikwa, mistari zaidi ya laki mbili, pamoja na tarehe, saa, na jina la aliyekuwa amefungua zamu. Waliomtangulia walipanda historia hiyo kwa kitufe cha mshale, mstari baada ya mstari, mpaka wanasinzia. Yeye aliziondoa njia za mkato za kiwandani, akaweka zake pale vidole vyake vilipoangukia vyenyewe. S ya kutafuta. D ya kuchagua siku. F mara mbili ya kufuta kabisa mstari ulioandikwa vibaya, usije ukarudiwa kwa bahati mbaya. Herufi kwenye vitufe zilishafutika zamani. Mtu mwingine akikaa hapo alikuwa kipofu.

Redio ikakoroma. "Mama Etropia, wamefika mtaroni."

Alikuwa Fokasi, mlinzi wa lango la kaskazini, mtu mpole aliyezaliwa hukohuko Mpona.

"Nani yuko mbele?" Leokadia aliuliza.

"Ponsiano. Yule seremala."

Kitanda alicholalia Leokadia kilichongwa na Ponsiano. Mke wake Ponsiano, Melania, alikuwa akimletea samaki wabichi, magege wa ziwani, kila Alhamisi, amewafunika kwa majani ya mgomba, na hakuondoka bila kumuuliza mwanawe Etropia anaendeleaje shuleni. Melania alikufa mwezi wa tatu mwaka uliopita, pale Kisima cha Nne, pamoja na wengine kumi na sita. Walikuwa wameketi chini kuzuia bomba lisipite kwenye makaburi ya wazee wao. Melania mwenyewe hakuketi nao. Alikuwa amepeleka uji.

Kampuni ilisema ni radi. Radi ilivuruga fisi wakawaua, na radi hiyohiyo ikaunguza historia ya amri. Kesi ilipangwa kusikilizwa kesho yake asubuhi, na wanakijiji hawakuwa na kitu mkononi. Ila habari ilikuwa imewafikia, Leokadia hakujua kwa mdomo wa nani, kwamba historia haikuungua, kwamba ipo ndani ya mtambo uleule, na kwamba helikopta inakuja saa kumi kuuchukua.

"Fokasi," alisema. "Usipige risasi. Fisi wako kwenye kuzuia tu. Watawasukuma."

"Sawa, mama. Mwambie na yule wa mnarani."

Hakuwahi.

Risasi ililia kutoka mnarani. Mwanamume mwenye shati la kijani, aliyekuwa ameshika ncha ya bomba, akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka, na taya lake halikuwepo tena. Sauti ikapanda kutoka vifuani mwao wote kwa wakati mmoja, na wakakimbia. Hawakukimbia kurudi nyuma.

Fisi waliwapokea kwa vifua vya chuma. Mwanamke mmoja alisukumwa akagonga nguzo, akabaki amejikunja, akihema kwa mdomo. Lakini amri ya kuzuia haikuruhusu meno wala miguu ya mbele, na watu wa Mpona walikuwa wamejifunza. Wanne walirusha kamba kwenye miguu ya fisi, wanne wengine wakavuta, na akishaanguka walichomeka nondo kwenye goti na kuzungusha mpaka mafuta meusi yakaruka. Fisi wa kwanza alitulia. Wa pili. Wa tano. Leokadia alitafuta, akachagua, akapiga enta, akatafuta tena. Vidole vilikimbia kuliko mawazo. Aliwarudisha nyuma waliobaki, akawapanga upya, lango likaanguka.

"Mama Etropia!" Sauti ya Fokasi redioni ilikuwa nyembamba. "Ni mimi jamani, ni mimi Fokasi, mnanijua..." Hakuwa akisema naye tena. Kwenye kamera Leokadia aliona mgongo wake, halafu akaona migongo ya watu, mapanga yakipanda na kushuka. Redio ilibaki wazi muda mrefu. Alisikia yote, kwa kuwa hakukumbuka kuizima.

*

Galus aliingia akirudi kinyumenyume, bastola imeelekezwa koridoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa linaning'inia. Akaufunga mlango wa chuma, akashusha makomeo yote matatu, akageuka.

Alikuwa mkuu wa ulinzi wa visima vyote, mtu wa miaka hamsini, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda. Wote walimwita afande, hata wale ambao hawakupita jeshini.

"Mnara wa simu wameukata," alisema. "Makao makuu hawatusikii. Fisi wamebaki wangapi?"

"Ishirini na sita, afande."

"Wanatosha. Nitafutie ile ya mwezi wa tatu."

"Ipi, afande?"

Galus akamsogelea. Damu ya sikio ilimdondokea Leokadia begani. "Unaijua. Ya Kisima cha Nne."

Leokadia aliijua. Mwezi wa sita, akitafuta amri ya kurekebisha pampu, aliandika *kisima4*, na mstari ukapanda kwenye skrini kabla hajajiandaa kuuona. Aliusoma mara moja. Akaufunga, akamalizia zamu. Tangu siku hiyo hakuandika tena maneno yale.

Ili fisi aue, mtambo ulihitaji muhuri: safu ya herufi na namba sitini na nne ambayo hakuna kichwa cha binadamu kingeweza kuikariri. Baada ya vifo vya Mpona sheria mpya ilikataza kutoa mihuri ya namna ile. Haikusema lolote kuhusu iliyokwisha kutolewa. Muhuri wa Kisima cha Nne haukuwekewa siku ya mwisho, na nakala yake moja tu ilibaki duniani, ndani ya mstari ule, kwenye historia ile. Ndiyo maana kampuni iliapa kwamba imeungua, na ndiyo maana haikuthubutu kuifuta.

Mlango ulilia. Bomba la gesi lilikuwa limefika koridoni.

"Afande, hao ni watu mia tatu. Kuna wanawake."

"Nimewaona. Wamemkatakata Fokasi. Wakiingia hapa watatufanya hivyohivyo, wewe na mimi. Tafuta."

Aliandika polepole. Akabonyeza D, akachagua mwezi ambao siyo. Skrini ikajaa amri za ukaguzi wa taa.

"Siyo hiyo."

"Ni nyingi, afande. Laki mbili na..."

Galus akauchukua mkono wake wa kulia kwa upole, akaulaza ukingoni mwa meza, na kwa kitako cha bastola akauponda. Alipiga mara mbili. Leokadia alisikia mfupa kabla hajasikia maumivu. Alipomaliza kupiga kelele, kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimeelekea upande ambao vidole havielekei.

"Umebaki na mmoja," Galus alisema. "Tafuta."

Mlango ulilia tena. Baada ya mlio, ukatulia, na kupitia kwenye chuma ikaja sauti ya Ponsiano, imekauka.

"Mama Etropia. Uko humo?"

Galus akamwekea bastola shingoni na kutikisa kichwa: usijibu.

"Najua uko humo. Tadei ameshakufa. Mdogo wangu. Wamempiga usoni. Mimi sikuja kwa ajili ya damu. Walio nyuma yangu sasa hivi sina uwezo nao, lakini mimi nakuambia kweli. Tunataka huo mtambo tu. Tunataka kitabu cha amri, kesho hakimu akisome. Fungua, utoke, hakuna atakayekugusa."

"Dakika moja," Galus alimnong'oneza Leokadia sikioni. "Baada ya hapo nakuua, nautafuta mwenyewe kwa mshale."

Leokadia akaweka mkono wa kushoto kwenye kibodi. Njia zake za mkato zilikuwa za mikono miwili. Alilazimika kukibana kitufe cha kontroli kwa kidole gumba na kunyoosha kidole kidogo mpaka S. Akaandika *kisima4*. Akakibana tena kontroli kufikia D, akachagua siku.

Ulikuwa mstari mmoja tu.

*11-03  09:14  lsikazwe  lenga kundi=wote eneo=kisima4 onyo=hapana muhuri=*

na baada ya hapo zile herufi na namba sitini na nne.

*lsikazwe.* Jina lake. Zamu ilifunguliwa kwa jina lake. Galus aliiandika amri ile kutoka kwenye karatasi ya makao makuu, akiwa amekalia kiti cha Leokadia, Leokadia alipokuwa ametoka kwenda chooni. Hakuna mahakama ambayo ingesoma mstari ule na kuona mtu mwingine.

"Huo," Galus alisema. "Ondoa kisima4. Weka kambi. Piga enta."

Alifuta neno, akaandika *kambi*. Herufi tano kwa kidole kimoja. Kwenye kamera fisi ishirini na sita walisimama nyuma ya karakana, vichwa chini, na kati yao na jengo hili umati wote ulikuwa umejaa uani na koridoni, bega kwa bega. Hata kama angeandika chumba hiki badala ya kambi, fisi wangepita juu ya watu wale wote ili wafike mlangoni.

Asingebonyeza, Galus angebonyeza. Enta ni enta kwa kila mtu, haikuhitaji kufundishwa.

Akifuta, hakuna fisi atakayeua tena mtu bondeni. Na kesho hakimu hatakuwa na la kusoma. Watu kumi na saba watakuwa wamekufa kwa radi, milele, na Tadei na Fokasi watakuwa wamekufa bure. Na jina la Leokadia Sikazwe litakuwa safi. Kila alivyoitazama, njia ya kuwaokoa watu wale ilikuwa ni ileile ya kujiokoa mwenyewe, na hakuweza kuzitenganisha, na hakuwa na muda.

"Piga!"

Bomba likagonga. Komeo la juu likachomoka.

Leokadia akabana kontroli kwa gumba, akapiga F, akapiga F.

*Futa mstari huu kabisa? n/h*

Galus alikuwa akitazama mlango. Leokadia akapiga n.

Skrini ikabaki nyeusi, na alama ndogo ya kusubiri ikiwakawaka.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

Galus akatazama kamera. Fisi hawakusogea. Akainama mbele yake, akapiga enta kwa kiganja kizima, mara tatu, nne. Mistari mitupu ikapanda. Akaanza kupiga mshale wa juu, akaona amri za taa, amri za lango, amri za leo asubuhi, na taratibu uso wake ukaelewa.

"Umefanya nini?"

Leokadia alikuwa ameshaikamata kwa mkono wa kushoto birika ya chuma ya kuchemshia chai, ikiwa bado na maji, na akampiga nayo pale sikio lilipokuwa limening'inia. Galus alinguruma. Risasi ilimwingia Leokadia chini ya mbavu, ikamkalisha ukutani. Alimwona akimlenga tena, usoni safari hii, bila haraka. Kisha mlango ukaanguka ndani na bomba zima, na mtu aliyekuwa mbele akaanguka nalo.

Galus aliwageukia. Alifyatua mpaka bastola ikanyamaza. Mwanamke mwenye kitenge cha njano aliangukia kizingitini, na waliofuata walimkanyaga bila kujua. Wakamfikia.

"Hai!" Ponsiano alikuwa akipiga kelele, akisukuma kwa viwiko. "Mwacheni hai! Huyo ndiye shahidi! Jamani, tunamtaka hai!"

Hakuna aliyemsikia. Walimpiga Galus kwa nondo, kwa visigino, kwa upande wa shoka na kisha kwa makali yake. Ilichukua muda mrefu kuliko Leokadia alivyodhani mtu anaweza kuchukua. Sauti ile ya chini ilipanda mwishoni, ikawa ya juu kama ya mtoto, ikakatika.

*

Ponsiano alichuchumaa mbele yake. Alikuwa na vumbi la magadi kwenye nyusi, na damu ya mdogo wake ilikuwa imekaukia mikononi kama rangi ya mbao. Hakulitazama jeraha lake. Alitazama skrini.

"Ipo?"

Leokadia alitikisa kichwa.

"Ilikuwepo. Nimeifuta."

Ponsiano akampiga kofi. Siyo kofi kubwa; mkono ulikwenda wenyewe, na baada ya hapo akautazama kama si wake.

"Kwa nini?"

"Alitaka niwaachie fisi. Amri ilikuwa ileile. Ingebaki, mngekufa."

"Mwongo!" mtu alisema mlangoni. "Wamempa fedha huyo!"

"Mmalizeni na yeye!"

Ponsiano aliinua kiganja bila kugeuka. "Uliuona mstari wenyewe?"

"Niliuona."

"Ulikuwa na jina la nani?"

Galus alikuwa amelala hatua mbili kutoka pale, au kile kilichobaki cha Galus. Hangekanusha. Lingekuwa jina moja tu, la mtu waliyekuwa wamekwisha kumuua kwa furaha, na wangelibeba nyumbani na kuridhika. Na lilikuwa kweli, karibu kweli. Vidole ndivyo vilikuwa vya Galus.

"Langu," Leokadia alisema.

Shoka likainuka. Aliliona, akaona na mtu aliyelishika, mzee mwenye kofia ya pamba, akilia kimyakimya.

Akawaeleza. Alieleza haraka, akihofia pumzi haitatosha: tarehe, saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, zamu iliyoachwa wazi, Galus kitini, karatasi ya makao makuu, muhuri. Alieleza jinsi alivyoukuta mstari mwezi wa sita akitafuta pampu, na miezi minane ya kunyamaza. Hakuomba msamaha, lilikuwa neno dogo mno, na aliona aibu hata kulifikiria.

"Miezi minane," Ponsiano alisema. "Ulikuja kwenye arobaini ya Melania. Ulileta sukari."

"Nilikuja."

"Ulikaa na mama yake."

"Ndiyo."

Ponsiano aliinuka. Kwa mbali, kutoka juu ya ukingo wa bonde, ukaanza mngurumo wa helikopta, na waliokuwa uani wakaanza kupiga kelele kwamba wanakuja na askari, kwamba kila mtu ajiokoe. Watu walitawanyika. Waliinua majeruhi waliowaweza. Mwanamke wa kitenge cha njano alibebwa kwenye mlango wa kabati. Tadei alibebwa na wanne. Mzee wa shoka alibaki wa mwisho.

"Sema neno, Ponsiano," alisema. "Nimkate?"

"Nenda, baba mdogo."

"Melania alikuwa mwanangu pia."

"Najua. Nenda."

Walipobaki wawili, Ponsiano alichana shati lake, akalisokomeza chini ya mbavu za Leokadia kwa nguvu mpaka akazirai na kuzinduka. Akamfunga kwa waya wa kibodi kiunoni. Akampandisha mgongoni kama gunia, mikono ikining'inia mbele, akatoka naye kwa mlango wa jiko, kupitia karakana. Fisi ishirini na sita walisimama pande zote mbili za njia yao. Hawakugeuza vichwa.

"Wataninyonga," Leokadia alisema kwenye bega lake.

"Huenda."

"Kwa nini unanibeba, basi?"

"Kwa sababu umebaki wewe tu," Ponsiano alisema. "Mtambo hauna kitu. Yule wamemuua. Kitabu changu ni wewe. Ukifa njiani, mke wangu amekufa kwa radi."

Wakaingia kwenye matete. Helikopta ilipita juu yao, ikainamisha mabua yote, ikatua kambini. Kulikuwa na pikipiki Mpona, na kutoka Mpona barabara ya kupanda ukingo mpaka mjini ilikuwa ya saa tatu. Mpaka kijijini ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwenye maji yanayofika magotini. Kila kichwa cha Leokadia kilipolegea, Ponsiano alimtikisa.

"Rudia. Tarehe ngapi?"

"Kumi na moja. Mwezi wa tatu."

"Saa?"

"Tatu na dakika kumi na nne."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Chooni."

"Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho. Akazimika, akatikiswa, akarudia toka mwanzo. Ponsiano alikuwa anahema sasa, na mguu wake mmoja uliteleza kwenye tope, akapiga goti, akainuka naye. Alipomtikisa mara ya tatu, Leokadia alisema tarehe, akasema saa, akafika pale alipotoka chooni, akaishia hapo.

"Endelea. Mwezi wa sita ukauona."

"Siyo mwezi wa sita."

Maji yalikuwa yakizunguka magoti ya Ponsiano.

"Niliporudi kutoka chooni nilipishana na Galus mlangoni, karatasi ya makao makuu mkononi, na kiti kilikuwa na joto," Leokadia alisema. "Kompyuta nilikuwa nimeiacha kwenye ukurasa wa lango, nikakuta pamefutwa. Nikasikia kelele kutoka Kisima cha Nne. Nikajua, Ponsiano. Nilijua palepale. Kwenye kamera wengine walikuwa bado wanakimbia. Ningeweza kuwasimamisha fisi, ni vitufe viwili. Niliogopa kugusa, nisije nikaonekana ni mimi. Nikakaa. Melania alikuwa amesimama na ndoo."

Ponsiano alisimama pale kwenye maji. Mikono yake iliyokuwa imeshika mapaja ya Leokadia ililegea, na Leokadia akateleza mpaka miguu yake ikagusa maji, na akajua kwamba akimwachia hapo hatainuka tena, wala hatalia.

Ndege fulani alikuwa akipiga kelele kwenye matete. Ponsiano alipumua kwa mdomo, mara moja, mara mbili, kama mtu anayepandisha ubao mzito peke yake. Kisha akainama, akajitikisa, akampandisha tena mgongoni, juu zaidi kuliko mwanzo, akaanza kutembea.

"Hilo nalo utalisema," alisema. "Rudia."